Tairi Linapokataa Kukaa

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa katika mkutano wa kata mbele ya mafundi pancha, madereva wa bodaboda na wakazi wanaotumia usafiri huo. Inachapishwa kwa ukamilifu kwa ajili ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vitongoji, mafundi, madereva, akina mama na akina baba,

Kila kijiwe cha bodaboda kina mwembe wake, au mkorosho, au kibanda cha mabati, na chini ya kivuli hicho yupo fundi pancha. Vyombo vyake vinajulikana: beseni la maji, vipande vya tyubu kuukuu, msasa, gundi, vyuma viwili au vitatu vya kufungulia tairi, na pampu ya mguu au kompresa ndogo. Watu humpita ameinama, wakadhani kazi yake ni ndogo. Lakini mzigo unaopita mikononi mwake kwa siku moja ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Yumo mama mjamzito anayepelekwa zahanati, mwanafunzi anayewahi mtihani, gunia la mahindi liendalo mnadani, na dereva mwenyewe ambaye watoto wake wanamngoja jioni. Wote hao hubebwa na matairi mawili, na kila tairi hushikwa na ringi kwa ukingo usiozidi upana wa kidole. Hotuba hii inauhusu ukingo huo, na hasa saa ile ambapo tairi limekwisha kuvalishwa, upepo umejazwa, lakini ukingo unakataa kukaa mahali pake.

UKINGO WA TAIRI NA KAZI YAKE

Ndani ya ukingo wa tairi kuna nyaya za chuma zilizofunikwa kwa mpira. Nyaya hizo hazitanuki. Kazi yake ni kulizuia tairi lisiruke nje ya ringi pindi upepo unapolisukuma kutoka ndani. Ringi nayo ina sehemu mbili zinazopaswa kufahamika. Ya kwanza ni kitako cha pembeni, ambako ukingo wa tairi hukaa wakati wa safari. Ya pili ni bonde la katikati, ambalo mzingo wake ni mdogo zaidi. Bonde hilo ndilo linalomwezesha fundi kulivalisha tairi: upande mmoja wa ukingo ukizamishwa bondeni, upande wa pili hupata nafasi ya kupita juu ya mdomo wa ringi bila kukatika.

Mpango huu una zaidi ya karne moja. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast mwaka 1887, tairi lilifungwa juu ya gurudumu kwa namna ambayo kuziba pancha kulikuwa kazi ya kuchosha. Mwaka 1890, Mwingereza Charles Kingston Welch alipata hataza ya tairi lenye waya ukingoni, pamoja na ringi yenye bonde katikati. Fundi anayefungua tairi leo chini ya mwembe anaitumia fikra hiyohiyo.

Tairi likishavalishwa, ukingo huwa bado umo bondeni au umefika nusu ya njia. Upepo ndio unaoupandisha hadi kitakoni. Unapofika husikika mlio wa ghafla, mara nyingi miwili, mmoja kwa kila upande. Hata hivyo, fundi makini haridhiki na mlio. Hutazama mstari mwembamba uliochorwa kiwandani kuzunguka ubavu wa tairi, karibu na ringi. Umbali kati ya mstari huo na mdomo wa ringi ukiwa sawa kuzunguka gurudumu zima, kwa pande zote mbili, tairi limekaa. Mstari ukizama na kupotea mahali fulani, tairi halijakaa, hata kama limejaa upepo na linaonekana zima.

HASARA YA TAIRI LISILOKAA

Wapo wanaosema kwamba kasoro ndogo ya namna hiyo itajirekebisha yenyewe barabarani. Kauli hiyo imewagharimu wengi. Gurudumu la pikipiki lenye ringi ya inchi 18 na tairi la 3.00 husafiri takriban mita 1.9 kwa kila mzunguko mmoja. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara tisa kwa kila sekunde. Mahali palipozama katika tairi hugonga barabara mara hizo zote. Dereva huhisi usukani ukitetemeka, tairi huisha upande mmoja, spoku hulegea, na beringi huchakaa kabla ya wakati wake.

Hayo ni madhara ya polepole. Yapo ya ghafla. Ukingo usipopanda, mara nyingine kinachouzuia ni tyubu iliyobanwa kati yake na ringi. Tyubu hiyo hustahimili mwendo wa kijijini, kisha hupasuka pikipiki inaposhika kasi kwenye lami au inaposhuka mteremko na abiria. Tyubu ikipasuka, upepo hutoka wote kwa mara moja, na dereva hana nafasi ya kujiandaa. Ikiwa ni tairi la mbele, usukani humponyoka.

SABABU ZA TAIRI KUKATAA

Tairi halikatai bila sababu, na sababu zenyewe si nyingi. Ya kwanza ni ukavu. Mpira mkavu hung'ang'ania chuma kikavu, na ukingo hukwama nusu ya njia. Ya pili ni kutu. Ringi za chuma zilizopita masika kadhaa huota magamba ya kutu palepale kwenye kitako, na mabaki ya mpira wa zamani huganda juu yake. Ya tatu ni umbo la tairi lenyewe. Matairi mengi husafirishwa yamefungwa kwa kamba na kubanwa pamoja, kingo zake zikakaribiana. Likinunuliwa asubuhi na kuvalishwa papo hapo, halikumbuki upana wake.

Ya nne ni baridi. Katika Nyanda za Juu Kusini, asubuhi za Juni na Julai, mpira huwa mgumu kama ubao, na tairi ambalo lingekaa mchana hukataa saa moja asubuhi. Ya tano ni mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku: ukihama kutoka katikati hupanda kitakoni na kuziba njia. Ya sita ni ringi iliyobonyea kwa mashimo ya barabarani.

Ya saba ndiyo ya hatari kuliko zote: saizi isiyolingana. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia ringi za inchi 17 au 18, na matairi ya saizi hizo huuzwa yakiwa yametundikwa pamoja. Tarakimu ya mwisho iliyoandikwa ubavuni, kama vile 18 katika 3.00-18, ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Tairi la 17 halipaswi kulazimishwa juu ya ringi ya 18, wala la 18 kupachikwa kwenye ringi ya 17. Hakuna sabuni wala upepo unaoweza kusahihisha kosa hilo.

UPEPO MWINGI SI JIBU

Fikirieni asubuhi moja ya mnada. Dereva amempakia mama anayewahi kliniki, na pancha imewakuta njiani. Tairi la nyuma limezibwa na kurudishwa, lakini upande mmoja umezama. Mama amesimama juani. Dereva anatazama simu yake kila dakika. Foleni ya pikipiki nyingine mbili imekwisha kujipanga. Hapo fundi hujikuta mbele ya njia mbili: kuongeza upepo mpaka tairi lisalimu amri, au kuutoa upepo wote na kuanza upya. Njia ya kwanza ni ya dakika moja. Ya pili ni ya robo saa. Macho ya wote walio pale yanamsukuma kwenye ile ya kwanza.

Inafaa kujua njia hiyo ya dakika moja ina nini ndani yake. Upepo ukifika paundi 40 kwa inchi ya mraba, kila sehemu ya ubavu wa tairi yenye upana wa sentimita 10 kwa 10, yaani kiasi cha kiganja cha mkono, husukumwa kwa nguvu ya kilo 280 hivi. Hayo ni karibu magunia matatu ya kilo 100. Upepo ukifika paundi 100, kiasi ambacho kompresa ya gereji hukifikia bila taabu, kiganja hichohicho husukumwa kwa kilo 700. Magunia saba yamebanwa nyuma ya kipande cha mpira, mbele ya uso wa fundi aliyeinama, huku watoto wa jirani wakiwa wamezunguka kutazama. Nyaya za ukingo zikikatika, au ringi yenye ufa ikiachia, nguvu hiyo hutoka kwa kufumba na kufumbua.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa matairi huweka kikomo cha upepo wa kukalishia. Kikomo kinachotajwa mara nyingi ni paundi 40. Baadhi huruhusu zaidi kidogo na kuandika namba yao katika maelekezo au ubavuni mwa tairi. Pasipo na maelekezo mengine, 40 ndiyo mpaka. Fundi asiye na geji hawezi kujua ameufikia mpaka au ameuvuka, kwa kuwa kupiga tairi teke au kulibonyeza kwa gumba si kipimo.

Ipo pia desturi ya kumwaga petroli kidogo ndani ya tairi lisilo na tyubu na kuiwasha, ili mlipuko uzitawanye kingo. Desturi hiyo huonekana kama mazingaombwe na huwachekesha watazamaji. Ukweli ni kwamba hakuna anayeweza kuupima mlipuko. Unaweza kuunguza mikono na uso, kuharibu mpira kwa ndani pasipoonekana, na kuacha mvuke wa petroli ambao utawaka siku nyingine. Haifai kufanywa mahali popote, na mbele ya watoto haifai hata kusimuliwa kama ushujaa.

NJIA YA FUNDI MWENYE SUBIRA

Njia sahihi huanza kabla ya tairi kuguswa. Fundi husoma saizi ya tairi na ya ringi, kisha huisafisha ringi kwa brashi ya waya au msasa mpaka kitako kiwe laini, na kuipangusa. Huukagua mkanda wa spoku na kuurudisha katikati. Tairi jipya lililobanwa huanikwa juani kwa saa moja au zaidi, kingo zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, ili mpira ulainike na kurejea umbo lake.

Baada ya hapo hufuata sabuni. Maji mazito ya sabuni hupakwa kuzunguka kingo zote mbili za tairi na kwenye vitako vya ringi. Yasiwe mengi kiasi cha kutuama ndani, kwa kuwa maji yaliyobaki huzaa kutu. Oili chafu, grisi na dizeli hazifai kabisa. Mafuta ya namna hiyo hudhoofisha mpira, tena hayakauki. Tairi lililopakwa mafuta huendelea kuteleza juu ya ringi kila dereva anaposhika breki kwa nguvu, huivuta tyubu pamoja nalo, na mwishowe valvu hung'oka shinani. Sabuni hukauka na kuliacha tairi limeshika.

Tyubu hutiwa upepo kidogo kabla ya kuingizwa, kiasi cha kupata umbo la duara, ili isijikunje wala kunaswa na vyuma. Nati ya valvu huachwa ikiwa imelegea. Uvalishaji humalizikia kwenye valvu, huku ukingo wa upande wa pili ukiwa umekanyagwa ndani ya bonde la ringi. Fundi akiona analazimika kutumia nguvu nyingi kwenye chuma, ajue ukingo wa upande wa pili umetoka bondeni. Atumie goti lake kuurudisha kabla hajaikata tyubu. Mwishoni valvu husukumwa ndani na kuachiwa, kuhakikisha tyubu haikukaliwa na ukingo mahali hapo.

Ndipo upepo huingizwa kidogo kidogo. Mkono huwekwa mbali na mdomo wa ringi, uso hauinamishwi juu ya gurudumu, na watazamaji husogezwa nyuma. Kompresa ikiwa na mpira mrefu na kichwa kinachojishika chenyewe kwenye valvu, fundi husimama kando. Upande mmoja ukikaa na mwingine ukazama, upepo hausukumwi kupita kikomo. Hutolewa wote. Ukingo uliokwama hubanduliwa, hupakwa sabuni upya, na gurudumu hudundishwa chini taratibu huku likizungushwa. Kisha upepo hujazwa tena. Kuutoa upepo wote kuna faida ya pili: tyubu iliyojikunja hupata nafasi ya kujinyoosha. Mara nyingi tairi lililokataa mara ya kwanza hukaa katika mara ya pili au ya tatu. Likikataa mara ya nne, lina jambo la kusema: saizi si yake, au ringi imepinda, au tyubu imebanwa. Hapo hulivuliwa na kukaguliwa, wala halisukumwi.

Kwa matairi yasiyotumia tyubu, ambayo sasa yanazidi kuonekana kwenye pikipiki zenye ringi za aloi, tatizo ni tofauti kidogo. Upepo huvuja kabla ukingo haujagusa ringi. Fundi anaweza kuing'oa sindano ya ndani ya valvu ili upepo uingie kwa wingi na kwa haraka, huku mkono ukiwa tayari kuukata mara mlio unaposikika. Anaweza pia kulifunga tairi kwa mkanda au kamba kuzunguka sehemu inayokanyaga barabara na kuikaza. Katikati ikibonyea, kingo hutanuka kuelekea pembeni. Mkanda hulegezwa mara kingo zinaposhika, kabla upepo haujawa mwingi. Njia iliyo tulivu kuliko zote ni kuweka tyubu ya muda, kuijaza, na kuliacha tairi usiku mzima. Kesho yake upande mmoja tu hubanduliwa, tyubu hutolewa na valvu yake hurudishwa. Kwa kuwa upande wa pili umekwisha kukaa, uliobaki hukubali kwa upepo wa kawaida.

Tairi likishakaa, upepo hupunguzwa hadi kiwango cha kazi kilichoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki, kwa dereva peke yake au pamoja na abiria. Mstari wa ubavuni hukaguliwa tena pande zote mbili. Gurudumu huzungushwa hewani, nati ya ekseli hukazwa, mnyororo na breki hutazamwa. Tairi jipya huteleza, hivyo kilomita 100 za mwanzo ni za mwendo wa taratibu na kona za upole.

NANI AILIPE ROBO SAA

Ndugu wananchi, mengi kati ya haya mafundi wanayajua. Kinachowashinda mara nyingi si elimu, ni muda. Fundi hulipwa kwa pancha, halipwi kwa dakika. Akilivua tairi mara tatu ili likae sawasawa, hapati hata shilingi moja zaidi ya yule aliyelisukuma kwa upepo na kumwaga dereva barabarani. Dereva naye anahesabu safari alizokosa, kwa kuwa jioni ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki. Abiria ndiye asiyeulizwa, ingawa ndiye atakayekaa juu ya tairi hilo. Kwa hiyo robo saa ya usalama haina mwenyewe wa kuilipa, na kitu kisicho na mwenyewe hupotea.

Yapo mambo matatu ambayo kijiwe chochote kinaweza kuyaafiki bila kungoja amri. La kwanza, kila fundi awe na geji, na dereva awe na haki ya kuuliza namba kabla hajaondoka. Geji moja ikichangiwa na madereva wote wa kijiwe, hakuna atakayeelemewa. La pili, bei ya kuvalisha tairi gumu itajwe waziwazi na iwe tofauti na bei ya pancha, ili fundi anayerudia kazi kwa uaminifu asijione amepata hasara. La tatu, abiria akiombwa kusubiri, asubiri. Na mwenye pikipiki aipokee hesabu iliyochelewa kwa sababu ya tairi kama anavyoipokea iliyochelewa kwa sababu ya mvua.

Kuhusu vifaa, vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo wanawake hutengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Kikundi cha mafundi kilichosajiliwa kinaweza kuandika andiko la kompresa yenye geji na mpira mrefu. Maelezo hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Vijana wanaotaka kuusomea ufundi kwa kina wanaweza kuulizia kozi za ufundi wa pikipiki na magari katika vyuo vya VETA.

Basi na irejewe asubuhi ile ya mnada. Mama bado amesimama juani, foleni bado ipo, na tairi bado limezama upande mmoja. Fundi anafungua valvu, upepo unatoka wote, na yeye anauchukua mkebe wa sabuni. Dereva asimgombeze. Amsogezee mama kiti kivulini, na yeye mwenyewe akamate upande wa pili wa gurudumu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hapa maneno yao yana uzito wa magunia saba.